Sensa Haina Mikono

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umekuachia. Wifi hajambo? Na watoto? Waambie shangazi yao bado anazo zile picha walizochora. Nimezibandika ukutani juu ya cherehani, hapa kwa Mama ninapokuja kushonea mchana, na wateja huniuliza kama ni mitindo mipya ya mapazia.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo lakini dawa hataki, unamjua. Wapwa zako wanasoma, na yule mkubwa amerefuka mpaka suruali zake zote zimegeuka kaptura. Mama ni mzima wa afya, anakula, anatembea, anamkaripia kila anayestahili na wachache wasiostahili. Hilo nalitanguliza makusudi, ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia.

Najua umeshangaa kupokea barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu nimejaribu. Kila nikianza habari hii unaniambia nifupishe, halafu unauliza kama gari limeuzwa. Sasa kaa kitako, maana haifupiki, na si habari ya kusikilizwa kwenye spika mbele ya watoto.

Habari yenyewe ni ya Mheshimiwa. Unakumbuka Baba alivyompa jina hilo, mwaka ule kampuni ilipowauzia wafanyakazi magari yake ya zamani, naye akalinunua gari lile lile alilokuwa akimwendeshea mkurugenzi. Gari refu, jeusi, viti vya ngozi, na milango inayofunga kwa sauti kama ya mtu anayemeza mate. Tulicheka, tukasema dereva kaoa gari la bosi. Baba akatukataza kumwita gari, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine.

Ulipoagiza baada ya mazishi ya Baba kwamba Mheshimiwa auzwe na Mama ahamie kwangu, sikukupinga. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, na Mheshimiwa alikuwa amekaa tu chini ya kibanda cha mabati, pale pembeni ya dirisha la chumba cha Mama. Mnunuzi alipatikana upesi. Ni bwana mmoja anayekodisha magari ya harusi, anavaa koti jeupe hata siku za vumbi. Alimzunguka Mheshimiwa akimpapasa mpaka nikaona haya kuangalia. Ila alitoa sharti moja, kwamba injini iwe nzima kabisa, kwa sababu hakuna bwana harusi anayetaka kusukuma gari akiwa ndani ya suti.

Na injini haikuwa nzima. Ilikuwa inawaka vizuri, inanguruma kwa heshima zake, lakini ikishapata moto inazima yenyewe. Ukingoja ipoe, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nikamtafuta fundi wa karibu, ambaye hapa mtaani wanamwita Fundi Bado, kwa kuwa ukimuuliza kama gari lako liko tayari hilo ndilo jibu lake. Ni mtu mnene, mwenye moyo mzuri, anapiga mluzi kuanzia anapofungua boneti mpaka anapofunga.

Fundi Bado alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasoma, akasema sensa mbili, yaani vile vidude vinavyopeleka habari kwenye injini, zimezeeka. Ya kwanza ni sensa ya krenki. Hiyo ndiyo inayoiambia injini kwamba shafti inazunguka, na hii yetu ikipata moto inanyamaza, basi injini ikikosa habari inazima. Nikamwambia mimi mwenyewe nina mume wa namna hiyo. Ya pili ni sensa ya joto. Fundi alikuwa anapita kwa Mama asubuhi mapema kabla hajafungua gereji, na kila akigeuza ufunguo, kabla hata hajawasha injini, mshale wa joto ulikuwa unapanda mpaka katikati, kama gari lililotoka safari. Gari lenyewe halijasogea tangu Baba afariki. Akasema sensa hiyo ni mwongo mkubwa, itolewe.

Nikaanza kutafuta. Kaka, kama una adui, mtume akatafute sensa za gari la kifahari la zamani.

Nilianzia duka la wakala. Ndani kuna baridi ya mashine, na sakafu inang'aa hivi kwamba unajiona ulivyochoka. Dada wa kaunta aliandika kwenye kompyuta, akaniambia sensa ya krenki ya gari hilo haiwekwi tena dukani, ila inaweza kuagizwa ng'ambo, kisha akanitajia bei. Nilimwomba arudie, si kwamba sikusikia. Kwa bei ile ningelazimika kumuuza Mheshimiwa ili nimnunulie Mheshimiwa sensa. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikanunua maji nikayanywa papo hapo nimesimama.

Kutoka pale nikaenda mtaa wa spea za mitumba. Kule vibanda vimejaa mpaka juu ya mfereji, na kila muuzaji anaapa. Ukimwonyesha picha anaitupia jicho moja, anasema hii hii dada, anaingiza mkono kwenye ndoo na kukutolea kitu chenye grisi. Sensa ya kwanza niliyonunua plagi yake iliingia vizuri kabisa. Mheshimiwa akawaka, akakohoa, akatetemeka mpaka kikombe cha chai cha Fundi kikaanguka kutoka kwenye boneti, akazima. Fundi akairudisha ile ya zamani siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo aliponifundisha kazi. Plagi kuingia si hoja, kuna namba zimechongwa kwenye mwili wa sensa, na herufi ya mwisho ikitofautiana umenunua kijiti cha plastiki. Tena nisitaje mwaka wa gari, nitaje mwaka wa injini, maana Mheshimiwa alibadilishiwa injini tangu enzi za mkurugenzi. Nikazipiga picha zile namba kwa simu, na ile sensa bandia nikawa natembea nayo kwenye kopo la vifungo ili nilinganishe umbo. Wateja wangu wakafungua kopo kutafuta kifungo wakakutana nalo lile dude, wakaniuliza ni nini. Nikawajibu ni jino la Mheshimiwa.

Sensa ya joto haikunisumbua. Niliipata haraka, namba zote sawasawa, bei ya kawaida. Fundi akaifunga jioni, mshale ukalala chini kwenye baridi, tukapongezana. Asubuhi akapita, akageuza ufunguo, mshale ukapanda mpaka katikati.

Tukasema tumeuziwa mbovu. Nikanunua nyingine kwa muuzaji mwingine, tukafunga, na mambo yakawa yale yale. Mchana inasema kweli, asubuhi inadanganya. Fundi alipima nyaya zote, akasafisha na plagi, akanuna. Mimi nikamlaumu yeye, yeye akawalaumu wauzaji, na wauzaji wakamlaumu Mheshimiwa.

Basi asubuhi moja nikaamua kuja pamoja na Fundi nione kwa macho yangu. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole, mabati ya kibanda yanadondosha umande. Fundi akainama chini ya usukani, akawa anasoma mashine yake na kupiga mluzi. Mimi nikaegemea boneti kwa mkono, kama mtu anavyoegemea kitu chochote. Kisha nikaweka na mkono wa pili.

Boneti lilikuwa la moto. Si moto wa kuunguza, ule uvuguvugu wa kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Nikamwita Fundi, naye akaweka kiganja chake karibu na changu, na mluzi ukakatika. Tulisimama pale tukiota moto kwenye gari la marehemu. Sensa zote zile tulizozitukana zilikuwa zinasema kweli.

Niliogopa, Kaka, sikufichi. Ufunguo hukaa pale pale kwenye gari kama Baba alivyozoea kuuacha, kwa hoja yake kwamba hakuna mwizi atakayeiba gari linalozima njiani. Geti lakini hufungwa kwa kufuli, na ndani ya geti yupo Mama peke yake, ambaye sijawahi kumwona ameshika usukani hata wa baiskeli. Nilikwenda kwa jirani wa upande wa pili, yule mwalimu mstaafu, nikamuuliza kama husikia chochote alfajiri. Akashangaa swali lenyewe. Akasema husikia Mheshimiwa akiwashwa, ananguruma kwa muda, kisha anazimwa, kama miaka yote, na kwamba huamka kwa sauti hiyo hadi leo. Nikamuuliza ameanza kuisikia tena lini. Akasema haijawahi kukoma, hata asubuhi ya mazishi aliisikia.

Asubuhi ya mazishi Mama alikuwa amelala sebuleni sakafuni, katikati yangu na Shangazi, na blanketi letu lilikuwa moja. Nilimwambia mwalimu hivyo, akasema basi labda amechanganya siku. Nikakubali kwamba labda amechanganya.

Nikarudi kwa Mama. Nilimkuta jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nikajikaza, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, nani anawasha gari alfajiri?"

"Mimi," akasema. "Ulidhani nani?"

Akaendelea kuchambua mchele. Nilikaa kwenye kigoda, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaniuliza kama nimekula. Akanieleza taratibu, wala hakuwa anaficha, ila hakuna aliyemuuliza. Wewe hukuwepo Baba alipostaafu, kwa hiyo hili hulijui, na hata mimi nilikuwa nimeshaolewa. Baba aliendelea kuamka saa ile ile ya kazi. Anatoka nje gizani, anamwasha Mheshimiwa, anamwacha apate moto kana kwamba mkurugenzi anangoja mlangoni. Halafu anazima, anarudi kitandani, na miguu yake iliyoganda anaibandika kwenye mashavu ya miguu ya Mama. Mama alilalamikia miguu ile miaka yote ya kustaafu kwake. Baba alipofariki, saa ile ikawa haina kitu ndani yake, naye akawa anakodoa macho gizani mpaka kunakucha.

Basi akaanza kuamka yeye. Baba alimfundisha zamani kwamba unageuza ufunguo mara moja, unangoja taa ya njano izime, unageuza tena. Akishawasha anarudi kulala, anasikiliza. Na dizeli aliyokuwa akiniagiza kila mara kwa ajili ya jenereta, Kaka, mimi nilikuwa nikimletea kwenye dumu bila kujiuliza, na jenereta lenyewe tulilitupa tukiwa bado watoto.

Nikamuuliza huwa anaamka tena saa ngapi kwenda kuzima.

"Mimi sizimi," akasema. "Kuwasha nilifundishwa. Kuzima hakunifundisha."

Alilisema hilo kama vile unavyosema jua limetoka. Kisha akapepeta ungo, na makapi yakaruka.

Nilijua mara moja ni nini. Ni ile sensa ya krenki. Mama anawasha, injini inapata moto, sensa inanyamaza, Mheshimiwa anazima, na Mama kitandani anaamini amezimwa. Nilijiona nina akili nyingi. Nilikwenda gereji mbio kumsimulia Fundi Bado, nikamkuta amelala chini ya lori, akanisikiliza akiwa huko huko. Akatoka taratibu, akajifuta mikono, akaniuliza asubuhi ile tulipokuwa wote niliuona ufunguo umekaaje. Nikamwambia umerudishwa nyuma, pa kuzimia, na dashibodi giza. Akasema hata yeye kila asubuhi huukuta hivyo hivyo, akatikisa kichwa.

"Injini ikifa kwa sensa, ufunguo unabaki mbele ulipo na taa za dashibodi zinabaki zinawaka mpaka betri ife," akasema. "Sensa haina mikono."

Nikamwambia basi Mama huamka akazima mwenyewe na kusahau, ni mtu mzima. Akasema inawezekana. Lakini hakupiga mluzi.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaniuma. Kama ni sensa mbovu iliyokuwa inamzimia Mama gari, basi siku tukiiweka nzima Mheshimiwa hatazima tena. Atanguruma tu pale kibandani mpaka dizeli iishe, na Mama atalala anangoja. Nilikuwa nazunguka mji mzima kutafuta kitu cha kumnyang'anya mama yangu usingizi. Tangu siku ile, kila kibanda nilichoingia nilikuwa naomba kimoyomoyo nisiipate.

Nikaipata. Ndivyo mambo yalivyo, ukiomba usipate. Kuna mama mmoja mwishoni mwa mtaa wa spea, anauza vifaa vya vile vigari vya kusambazia mikate, wala sikuwa na sababu ya kusimama kwake isipokuwa mvua. Nilimwonyesha picha kwa kupoteza muda. Akavaa miwani, akashusha boksi, akatoa sensa mpya ndani ya nailoni, na namba zilikuwa zile zile hadi herufi ya mwisho. Akaniambia kiwanda ni kimoja, injini wametengeneza moja wakaiweka kwenye magari mawili tofauti. Kwa hiyo Mheshimiwa na gari la mikate ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja ndiye aliyesomeshwa. Na bei, Kaka, haikuzidi pazia la dirisha dogo.

Ningeweza kuitupa mferejini nikakwambia haipatikani. Lakini mwenye koti jeupe alishaanza kupiga simu kila siku, na wewe pia. Fundi akaifunga mchana wa Alhamisi. Aliwasha, akakaa kwenye kigoda, akasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, na Mheshimiwa hakutetereka. Alipata moto, feni ikazunguka, akaendelea kuunguruma kwa upole. Hatimaye Fundi akazima kwa mkono wake. Mama alikuwa dirishani anatuangalia, akasema amependeza sauti.

Nikapanga njama yangu. Nilimwambia Mama nitalala kwake usiku huo, nikamdanganya kwamba shemeji yako anakoroma. Nia yangu ilikuwa Mama akishawasha na kurudi kulala, ningoje asinzie, ninyemelee nje nizime mwenyewe, asijue. Ningefanya hivyo kila siku mpaka gari liondoke, na baada ya hapo sikujua ningefanya nini.

Mama akakataa nilale chumba chako cha zamani, akasema hakijapigwa deki, nilale naye. Kitanda unakijua, upande mmoja umebanwa na ukuta. Yeye hulala ukutani. Mimi nikalala upande wa mlangoni, ambao ulikuwa wa Baba, na godoro pale bado lina bonde lake.

Alfajiri aliniruka taratibu, akavaa kandambili, akatoka. Nikasikia kandambili zikielekea kibandani, kisha kimya cha kungoja ile taa ya njano, kisha Mheshimiwa akawaka. Mama akarudi, akaniruka tena, akalala kwenye ukuta wake, akavuta shuka. Mikono yake ilikuwa inanuka umande. Ndani giza lilikuwa linaanza kupauka, na kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka kidogo kwa ule mngurumo.

Nikangoja pumzi zake zitulie. Injini ilikuwa nzima kweli kweli, sijawahi kuisikia nzima vile tangu nikiwa msichana. Nikatoa mguu mmoja nje ya shuka ili niteremke.

Mheshimiwa akanguruma mara moja kwa nguvu, vile Baba alivyokuwa akikanyaga mafuta kabla ya kuzima. Unaikumbuka, sote tuliijua. Kisha akazimika. Kisha nikasikia mlango wake ukifungwa, ile sauti ya kumeza mate.

Mama alikuwa hajalala. Nilikuwa kati yake na mlango, Kaka, na mkono wake ulikuwa umenishika kiuno.

"Sogea huku mwanangu," akasema. "Miguu yake itakuwa baridi."

Nilirudisha mguu ndani, nikasogea. Nina watoto watatu na mvi mbili, lakini niliufunika uso wangu kwenye mgongo wa Mama na kufumba macho kama zamani nilipokuwa naogopa radi. Habari za godoro sitakusimulia. Nitakwambia tu kwamba Mama alilalamika kidogo, kwa sauti ya usingizi, kama mtu anayelalamika kwa mazoea, halafu akalala fofofo.

Kulipokucha nilikwenda kibandani na Fundi Bado, kwa kuwa peke yangu sikuthubutu. Boneti lilikuwa na joto. Ufunguo ulikuwa umerudishwa nyuma, pa kuzimia, na dashibodi giza. Fundi akawasha tena, akaacha injini inanguruma mpaka jua likawa utosini, na haikuzima. Akapima kila alichojua kupima. Mwisho akakusanya vyombo vyake, akaniambia nimwambie Mama gari ni zima, halina ubovu wowote. Amesahau spana yake kubwa juu ya tofali, nimempigia simu mara kadhaa aje aichukue. Anasema bado.

Usifikiri Mama amepotewa na akili. Hilo ndilo la kwanza nililoliogopa, na nilimuuliza siku hiyo hiyo, kwa upole, kama anajua Baba amefariki. Aliniangalia, akasema, "Mimi ndiye niliyemfumba macho." Kisha akanituma chumvi.

Jana mwenye koti jeupe alikuja na bahasha. Nikamwambia Mheshimiwa hauzwi. Akaongeza bei, akaniita mkaidi, akasema nimempotezea muda, na yote hayo ni kweli. Niliposhikilia msimamo akaenda zake. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi. Uamuzi ni wangu, Mama hajaniomba chochote. Lakini nakusihi usizungumzie tena kumhamisha. Kwangu kuna chumba kizuri, kina jua, nitamshonea mapazia yoyote atakayo, na alfajiri atakodoa macho gizani. Sitaki. Namwogopa yule anayezima, Kaka, nakwambia ukweli, mpaka sasa nikiandika nimekaa nikiielekea njia ya kibanda. Ila namwogopea Mama zaidi siku huyo atakapokosa kuja.

Ile sensa ya zamani nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Haikuwa na kosa tuliloisingizia, au ilikuwa nalo nusu tu, kwa hiyo sikuona haki kuitupa.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza kama kule mliko mnalala mapema. Mama Mdogo anasema picha ulizotuma umekonda, Wifi akuongezee chakula. Mwalimu jirani anakusalimu, naye shemeji yako anakusalimu kwa kikohozi. Wapwa zako wanataka viatu, lakini nimewaambia mjomba si duka. Fikisha salamu zangu kwa Wifi na wanangu, mmoja mmoja, kwa kuwashika kichwa.

Mama amepita hapa sasa hivi, ameuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Nimemwambia ni wewe. Anasema Mungu akufunike huko uliko, akulinde unapotoka na unaporudi, na uvae soksi.

Mwaka ukiruhusu njoo likizo, tumekukumbuka. Nimeshapiga deki chumba chako cha zamani, nimekishonea na pazia jipya, zito, lisilopitisha sauti. Utalala huko. Kitanda cha Mama kimejaa.

Ni mimi nikupendaye hata ukiwa umenuna,
mdogo wako,
Kitindamimba.